Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Tanga: Uzoefu wa Miaka Mitatu Tuutoe Wapi?

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,
Ofisi ya Mkuu wa Mkoa,
TANGA.

Yah: KUOMBA MAFUNDI WANAOANZA KAZI WAPIMWE KWA MIKONO YAO, WASIPIMWE KWA MIAKA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mheshimiwa, shikamoo. Mimi ni binti wa miaka 25, mzaliwa wa Ngamiani, fundi umeme wa viwandani mwenye cheti cha ufundi stadi ngazi ya tatu. Huu ni mwaka wa tatu natembea na bahasha ya kaki. Nimeomba kazi mara 23, zote za ufundi, zote ndani ya mkoa huu, kuanzia Pongwe hadi Korogwe. Nimeitwa kwenye usaili mara nne. Mara zote nne nimerudi nyumbani na maneno yale yale: vyeti vyako vizuri, ila huna uzoefu.

Sikukimbilia kuandika hadharani. Machi mwaka jana nilipeleka barua kwa waajiri watatu, nikiomba tu waniambie kimepungua nini ili nikakitafute. Mei nikapeleka barua kwenye ofisi moja ya umma inayoshughulika na ajira. Agosti nikarudi chuoni nilikosoma. Nakala zote ninazo, kila moja imegongwa muhuri wa "IMEPOKELEWA", na muhuri huo ndio jibu pekee nililolipata hadi leo. Ndiyo maana nakuandikia wewe, tena mbele ya watu, kwa kuwa jambo hili si langu peke yangu. Darasa letu la umeme tulihitimu 34. Ninaowajua kuwa wanafanya kazi ya umeme ndani ya kiwanda ni watatu. Wengine wanaendesha bodaboda, wanauza vocha, wamekwenda Pemba kwenye karafuu, na wawili wapo Zanzibar wanahudumia hotelini.

Ninachokilalamikia ni kimoja, ingawa nitakieleza kwa vipengele: uzoefu tunaodaiwa unapatikana ndani ya mageti yale yale yanayofungwa mbele yetu.

1. Tangazo linamtafuta mtu asiyekuwepo

Tangazo nililonalo mezani linataka fundi mchundo wa umeme. Hiyo ndiyo ngazi ya chini kabisa ya ufundi, mtu anayefanya kazi chini ya fundi sanifu. Sifa zilizotajwa ni cheti cha ufundi stadi, umri usiozidi miaka 25, na uzoefu wa kiwandani usiopungua miaka mitatu. Naomba tupige hesabu pamoja. Kijana anamaliza kidato cha nne akiwa na miaka 18 au 19. Anakaa nyumbani miezi kadhaa kusubiri matokeo na nafasi, halafu chuo kinamchukua hadi afike miaka 22. Ili atimize sifa hizo, ni lazima wiki ile ile aliyopokea cheti kuwe na kiwanda kilichomchukua akiwa hana uzoefu wowote. Ni kiwanda gani hicho? Kila ninapopeleka bahasha wananiambia hicho si chao.

Sisemi uzoefu hauna maana. Anayesimamia mitambo ya kiwanda kizima, au anayegusa laini ya volti 33,000, awe na miaka yake na zaidi. Nasema juu ya anayeanza.

2. Chuoni mikono yetu haikushiba

Naandika haya bila kuwavunjia heshima walimu wangu, ambao walifanya walichoweza na vifaa walivyokuwa navyo. Somo la kuwasha mota kwa staa-delta, yaani kuianzisha taratibu kabla ya kuiachia nguvu yote, tulilifanya kwenye ubao mmoja wa mazoezi, wanafunzi 34. Ubao ule ulikuwa na kontakta tatu (swichi zinazofungwa na umeme wenyewe), taima moja na ovalodi moja (kifaa cha kukata umeme mota ikizidiwa) ambayo kitufe chake kilikuwa kimeng'oka. Tulipangwa makundi ya watu sita. Katika kundi anayefunga nyaya ni mmoja, wengine wanatazama na kunakili. Kwa muhula mzima mimi nilifunga mara mbili. Mota yenyewe haikuwa imebeba mzigo wowote. Ilizunguka hewani, tukapiga makofi, ikazimwa.

Kiwandani mota haizunguki hewani. Inavuta mkanda wenye tani za mawe, inapata joto, inatetemeka, inaingia vumbi, inapoteza fezi moja, yaani moja ya njia zake tatu za umeme, saa nane usiku. Hayo chuo hakiwezi kuyaleta darasani hata kikipewa bajeti mara mbili. Yanafundishwa kiwandani peke yake, na ndiyo maana ilibuniwa fildi, mafunzo ya vitendo kazini.

3. Fildi imekuwa ya kujaza kitabu

Nilikwenda fildi wiki nane. Wiki ya kwanza nilifagia karakana. Wiki ya pili na ya tatu nilipanga boliti stoo kwa ukubwa wake. Baadaye nikapelekwa ofisini kuandika daftari la kuingia na kutoka, kwa sababu mwandiko wangu ulipendeza. Siku ambazo mafundi walikwenda kwenye hitilafu niliomba nifuatane nao, nikaambiwa sina viatu vya usalama. Nilipoazima viatu, nikaambiwa sina bima. Siku ya mwisho kitabu changu cha kumbukumbu kilijazwa mwanzo hadi mwisho kwa saa moja, mkono mmoja, kalamu moja. Kilisomeka kwamba nimefanya matengenezo ya paneli, nimebadilisha beringi, nimepima insulesheni. Nilikipeleka chuoni nikapata alama 78.

Alama zile zinaniumiza mpaka leo, Mheshimiwa.

4. Kujitolea bila karatasi

Baada ya chuo nilishauriwa nijitolee. Nikajitolea miezi saba kwenye karakana ya kampuni moja hapa mjini, bila mshahara, nauli nikipewa na mama. Pale nilifanya kazi kweli. Nilibadilisha taa za ghala zima, nikafunga pampu mbili, nikashika zamu za Jumapili ambazo wenyewe hawakuzitaka. Nilipopata tangazo linaloomba barua ya mwajiri wa awali, nikaenda kuiomba. Ofisi ya rasilimali watu ikaniambia kwamba sikuwa mfanyakazi wao, sina mkataba, hawawezi kuandika kwamba niliwafanyia kazi. Kwa hiyo miezi saba ile kwenye karatasi haipo, wakati pampu zile hadi leo zinapandisha maji.

5. Kazi ya mtaani haihesabiwi

Hapa naomba unisikilize kwa kirefu kidogo, maana ndipo penye kiini.

Tangu mwaka juzi nafanya kazi kwa fundi mmoja mtu mzima pale Ngamiani, kwenye kibanda cha kusuka mota, yaani kuzirudishia waya mpya wa shaba zilizoungua. Nilianza kama spana boi, ninayeshika tochi na kupokeza spana. Sasa nasuka mwenyewe. Julai mwaka jana ililetwa mota ya kilowati 15 ikiwa nyuma ya pikapu. Ubavuni ilikuwa na namba ya mali ya kiwanda iliyopakwa kwa rangi ya njano. Namba zile nilizijua, kwa maana miezi miwili kabla nilikuwa nimekaa kwenye benchi la kiwanda hicho hicho nikisubiri usaili, na kila mashine iliyokuwa mbele yangu ilikuwa na namba za mtindo ule, kwa rangi ile.

Tulipofungua kifuniko, stata, sehemu isiyozunguka inayobeba koili, ilikuwa na mifereji 36. Theluthi moja ya koili ilikuwa imeungua nyeusi tii, zilizobaki zilikuwa na rangi yake ya shaba kana kwamba zimesukwa jana. Mota iliyofungwa delta, yaani fezi zake tatu zimeungwa kama pembetatu, ikiungua namna hiyo, inakuambia yenyewe kwamba ilipoteza fezi moja na ikaendelea kulazimishwa kuvuta mzigo. Nilikata vichwa vya koili kwa patasi, nikaipasha stata moto ili vanishi ilegee, nikang'oa shaba yote, nikahesabu mizunguko ya koili moja baada ya nyingine, nikapima unene wa waya kwa maikromita. Nikakata karatasi mpya za mifereji, nikasuka koili kwenye kalibu ya mbao, nikaziingiza, nikafunga uzi, nikatoa ncha sita. Nikapima ukinzani wa fezi zote tatu, zikalingana. Nikatia vanishi, tukaikausha usiku kucha kwa balbu. Asubuhi nikapima kwa mega, kifaa cha kuonyesha kama umeme unavuja, kila kitu kikawa sawa. Kazi nzima ilinichukua siku tatu na nusu.

Dereva alipokuja kuichukua, nilimwambia: mwambieni fundi wenu akague kontakta na fyuzi za laini hii, na aitazame ovalodi kama inakata, vinginevyo itaungua tena. Akaitikia. Wiki tisa baadaye pikapu ile ile ilileta mota nyingine, namba za njano, kutoka laini ile ile, imeungua theluthi moja vile vile.

Sasa nirudi kwenye usaili wangu wa kiwanda hicho. Ulichukua kama dakika sita. Niliulizwa naishi wapi, nimeolewa au bado, na nimewahi kufanya kazi kiwanda gani. Niliposema nafanya kazi kwenye kibanda cha kusuka mota Ngamiani, mmoja wao alitabasamu, akafunga faili. Swali la umeme sikuulizwa hata moja. Kumbe mitambo yao ikiharibika inaletwa kwetu, tunaitengeneza, inarudi, inazalisha. Mikono yangu ilikwisha kufanya kazi ndani ya kiwanda chao, ila mimi mwenyewe sina ruhusa ya kupita getini.

Kuna jambo lingine linalonishangaza. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu mzuri wa kumtambua fundi aliyejifunzia mtaani: wanampima, wanampa cheti. Yaani Serikali inakubali kabisa kwamba ujuzi wa kibandani ni ujuzi. Basi kwa nini asiye na cheti akipimwa ujuzi wake wa mtaani unatambuliwa, na mwenye cheti aliyefanya kazi mtaani miaka miwili hana wa kumwandikia miaka hiyo?

6. Waja leo waondoka leo

Sisi wa Tanga msemo huu tunausema kwa mapenzi. Siku hizi nausikia kwa uchungu. Bandari yetu imechimbwa kutoka kina cha mita 3 hadi mita 13, na meli zinafunga gatini badala ya kushusha shehena kwenye matishari katikati ya maji. Bomba la mafuta ghafi lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, lina kilomita 1,147 ndani ya ardhi ya Tanzania na linaishia hapa kwetu Chongoleani. Kazi ya ufundi imekuja hadi mlangoni. Lakini nikiuliza fundi wa laini fulani anatoka wapi, naambiwa ameletwa, amelala hoteli wiki mbili, ameondoka.

Sina chuki na wageni. Nataka tu tukumbushane kitu kuhusu bomba hilo. Mafuta yale yana nta nyingi, yakipoa yanaganda, kwa hiyo bomba lazima lipashwe joto kwa umeme njia nzima. Hakuna mafuta ghafi yaliyowahi kusafirishwa kwa bomba la kupashwa joto refu kiasi hicho mahali pengine duniani. Basi ni nani aliyekuja nalo akiwa na uzoefu wa miaka mitatu? Wote walijifunza, kila mmoja kwa kuanzia pale alipokuwa, na aliyewapa nafasi ya kujifunza aliwapa kabla hawajajua. Ninachoomba ni sisi nasi tupewe hiyo.

7. Kimya

Kati ya maombi 23, niliyojibiwa kwa maandishi ni mawili. Mengine ni "tutakupigia". Simu yangu huwa siizimi hata usiku.

Mheshimiwa, najua majibu yatakayotolewa, kwa kuwa baadhi nimeshaambiwa ana kwa ana.

Mwajiri wa kwanza atasema umeme hauna mchezo, hawezi kumruhusu asiye na uzoefu akafa mikononi mwake. Nakubali kila neno, na kwa sababu hiyo hiyo naomba tufundishwe. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi mafunzo ya usalama. Haimtaki amsubiri mtu aliyefunzwa na mwajiri mwingine. Kufunga swichi kwa kufuli na kutundika kibao cha jina lako kabla ya kugusa mtambo, mimi nimeona kwenye picha ya kitabu tu. Wenzangu waliokata tamaa sasa wanafunga umeme kwenye nyumba za watu bila msimamizi yeyote. Hapo ndipo hatari ilipo, na nyumba hizo ni za wapiga kura wako, zina watoto.

Wa pili atasema kiwanda si chuo, yeye analipa tozo ya ufundi stadi, kazi ya kufundisha ni ya Serikali. Ni kweli analipa: mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi anatozwa kwa jumla ya mishahara, na kiwango kilishushwa mwaka 2023 kutoka asilimia 4 hadi 3.5. Lakini tozo inajenga madarasa, hainunui ile saa nane ya usiku ya kwenye mkanda wa mawe. Babu yangu aliingia kiwandani hapa Tanga miaka ya 1970, enzi za kiwanda cha mbolea na kiwanda cha chuma, hajui hata kutofautisha beringi na bushi. Aliwekwa chini ya fundi mkubwa, akastaafu akiwa foromani. Viwanda vya wakati ule vilifundisha, na vilizalisha pia.

Wa tatu atasema tukishafunzwa tunakimbilia Dar es Salaam. Basi tufungwe kwa mkataba. Mimi nitasaini hata leo kwamba nikifundishwa mwaka mmoja nitatumikia miwili, na nikiondoka kabla nirudishe gharama.

Wa nne, huyu nilimsikia kwa masikio yangu, atasema ukimwajiri mtu asiyejua huwezi kumwondoa, sheria itakubana. Naomba asome kifungu cha 35 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Masharti ya kuachishwa kazi isivyo haki hayamhusu mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi 6 kwa mwajiri huyo. Miezi sita inatosha kabisa kujua kama mkono unashika spana au haushiki.

Na yupo atakayesema mfumo upo tayari, kwa maana ya Programu ya Taifa ya Kukuza Ujuzi na mafunzo ya uanagenzi, yaani kujifunza kazi kiwandani chini ya fundi. Upo, na nawashukuru waliouanzisha. Ila sisi ni wengi na nafasi ni chache, na mwajiri asiyetaka kupokea mwanagenzi hakuna anayemuuliza kwa nini. Tazama wenzetu wahandisi. Bodi yao ya usajili tangu mwaka 2003 ina mpango wa kumweka mhitimu chini ya mhandisi mzoefu kwa miaka mitatu, na miaka hiyo inaandikwa, inahesabiwa, inamfikisha kwenye usajili. Mhandisi aliyemaliza chuo kikuu ameonekana anahitaji kushikwa mkono. Fundi mchundo wa cheti, ambaye ndiye anayeingiza vidole kwenye paneli, anaambiwa aje akiwa ameiva.

Kwa heshima na taadhima, haya ndiyo ninayoyaomba:

(a) Uwaite waajiri wa viwanda, bandari na miradi mikubwa ya mkoa huu, wakae na vyuo vya ufundi na sisi wahitimu, chumba kimoja, ndani ya siku 60. Tusisemewe.

(b) Kwa nafasi za kuanzia, sharti la miaka liondolewe kwenye matangazo, na mahali pake liwekwe jaribio la kazi. Muombaji apewe mota iliyoungua, au paneli yenye hitilafu, au mchoro na nyaya, na saa tatu. Atakayeshindwa ataondoka akijua kwa nini.

(c) Kila karakana kubwa ipokee wanagenzi kulingana na idadi ya mafundi wake, kwa mkataba wa maandishi wa mwaka mmoja, posho ya nauli na chakula, viatu na glovu, na waandikishwe kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ili neno "huna bima" lisitumike tena kumfungia mtu stoo.

(d) Anayejitolea apewe barua ya kazi alizofanya, hata kama hakulipwa senti. Hili halihitaji bajeti. Linahitaji karatasi moja na saini.

(e) Mafundi wa vibandani wapewe kitabu cha kazi kinachotambulika, ambamo fundi mkuu anaandika kazi iliyofanyika na mteja anasaini, na VETA wakikague kila baada ya miezi kadhaa. Kitabu hicho kikubalike kama uzoefu.

(f) Vyuo vizuiwe kupokea kitabu cha fildi ambacho mwalimu hakwenda kukihakiki pale pale mwanafunzi alipo, angalau mara mbili.

(g) Anayeomba kazi ajibiwe. Hata kwa ujumbe wa simu wa mstari mmoja.

Nakuomba uone pia kwamba muda unatubana. Mwaka 2024 wapo watoto walioingia kidato cha kwanza kwenye mkondo wa amali, wakiambiwa kwamba ufundi ndio maisha. Mwishoni mwa 2027 watakuwa wamemaliza kidato cha nne. Mdogo wangu ni mmoja wao, anasoma ufundi umeme. Jioni huja kibandani kunitazama nikisuka, na juzi aliniuliza kama nimeshapata kazi. Nilimwambia bado. Akaniuliza, sasa hii unayofanya ni nini?

Nipo tayari kufanyiwa jaribio nililoliomba kwenye kipengele (b) siku yoyote, mbele ya mtu yeyote utakayemteua. Na kama atakuwepo atakayetilia shaka niliyoyaeleza kuhusu mota ya kilowati 15, jina la kiwanda nitakutajia ofisini kwako. Mafundi wao wazime laini, wafunge swichi kwa kufuli, wafungue kifuniko cha kiboksi cha nyaya. Upande wa ndani wataona tarehe ya Julai niliyoiandika kwa kalamu ya rangi nyeupe, na chini yake herufi mbili za jina langu.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Fundi umeme wa viwandani,
Ngamiani, Tanga.

(Jina kamili, namba ya simu na nakala za vyeti vimeambatanishwa kwenye nakala iliyowasilishwa ofisini.)

Nakala kwa:
Waziri mwenye dhamana ya kazi na ajira;
Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia;
Wakuu wa vyuo vya ufundi stadi, Mkoa wa Tanga;
Mameneja rasilimali watu wa viwanda vya Tanga, Muheza na Korogwe.